Habari za Huko, Ndugu Raia?

Nchi ninayotaka kuisimulia huwezi kuiona kwenye ramani. Iliondolewa mwaka ule picha ya Mlezi wa Taifa ilipokosa nafasi ya kutosha kwenye karatasi, na Idara ya Upimaji ikaona ni afadhali kupunguza milima kuliko kupunguza mabega yake. Sisi tuliobaki chini ya picha hatulalamiki. Kivuli ni kizuri, na anayetaka jua anajua mpaka uko upande gani.

Mimi ni mwenyeji wa Kisiki, mji mdogo wa wilayani, na naipenda serikali yangu. Nalisema hili mapema nisije nikaeleweka vibaya huko mbele. Nina redio, naisikiliza asubuhi na jioni, na redio ya taifa haijawahi kunidanganya ila wakati wa taarifa ya habari.

Zamani raia wa nchi yetu akiwa na shida alikwenda ofisini. Alikaa kwenye benchi, akasubiri, akaambiwa mhusika katoka, akarudi kesho yake akakaa tena. Ikaonekana mabenchi ya umma yanachakaa. Ndipo serikali ikaleta barua pepe. Kila wizara ikapata kisanduku chake, na kwa kuwa sisi si watu wa makuu, visanduku hivyo hatukuvijenga wenyewe bali tulipanga kwa tajiri mmoja wa nchi ya baridi. Barua ya mtu wa mji mkuu kwenda wizara iliyo mtaa wa pili ilivuka bahari, ikalala kwa mwenye nyumba, ikavuka tena kurudi. Tuliona fahari. Barua zetu zilikuwa zimesafiri kuliko sisi.

Barua ni nusu ya kuonana, walisema wahenga. Wakubwa wetu waliona hata hiyo nusu imezidi, hivyo hawakuzifungua. Zikajaa humo visandukuni, shida juu ya shida, mpaka Waziri wa Usikivu alipokwenda ng'ambo kutazamwa meno.

* * *

Waziri huyo ni Mheshimiwa Daktari Mhandisi Mshindo Kiangazi. Udaktari alitunukiwa, uhandisi alirithi. Huko hotelini alikofikia alilalamikia mto wa kulalia kuwa mgumu, na badala ya kuletewa mto mwingine akapewa tiketi yenye namba. Mambo hayo yalimgusa sana. Aliporudi alilihutubia Bunge huku mkono mmoja umeshika shavu.

"Ndugu Spika, mto sikubadilishiwa. Nasema kweli mbele ya Bunge lako tukufu, nililala shingo upande. Lakini nilikuwa na namba! Nililala nikijua kwamba mto wangu unajulikana! Je, ni raia wangapi wa nchi hii wanaolala wakijua kwamba shida zao zinajulikana?"

Wabunge walisimama wakapiga makofi mpaka mmoja akapoteza pete.

Ukanunuliwa mtambo wa kutoa tiketi. Jina lake rasmi ni refu na lina herufi nyingi kubwa, ila sisi tuliuita Msikivu. Uliuzwa na tajiri wa pili, wa nchi nyingine ya baridi, na matajiri hao wawili hawakuwa wakijuana. Kwa hiyo ikabidi visanduku vya yule viunganishwe na mtambo wa huyu, ili kila barua ya raia ikifika kisandukuni iingie moja kwa moja kwa Msikivu, ipewe namba, na Msikivu aijibu kwa niaba ya wizara. Kazi hiyo alipewa mtaalamu wetu Ulimwengu Pazi, ambaye alisema kwamba ataimaliza mchana mmoja.

"Mchana mmoja?" Waziri alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, kitu cha mchana mmoja kinazinduliwaje?"

Ikaamuliwa iwe harusi. Kisanduku cha barua kikafanywa bibi harusi, kwa kuwa chenyewe hukaa nyumbani kikipokea wageni, na Msikivu akafanywa bwana harusi, kwa kuwa ndiye aliyekuja na mizigo. Kompyuta mbili zikakalishwa kwenye viti vya maua katika uwanja wa taifa. Matarumbeta yalipigwa. Watoto wa shule walisimama juani tangu alfajiri, na waliozimia walisifiwa kwa uzalendo. Ulipofika wakati wa Msikivu kupewa nywila, maana bila nywila hawezi kuingia kisandukuni, mshereheshaji aliisoma kwa kipaza sauti mara mbili, kwani harusini hakufichwi kitu. Kesho yake ilibadilishwa ikawa jina la Waziri, ambalo hakuna adui angeweza kulikisia.

* * *

Raia wa kwanza kumwandikia Msikivu alikuwa mbunge mkongwe, Mheshimiwa Bi. Tausi Makumbi, aliyetaka kujua ni lini mtaa wake utawekewa taa. Jibu lilimjia kabla hajameza mate: "Ombi limepokelewa. Eleza tatizo lako." Alilipeleka Bungeni likiwa limechapwa kwa herufi kubwa.

"Mimi mtu mzima!" alisema akitetemeka. "Nina wajukuu, nina vitukuu, naambiwa 'eleza tatizo lako' kama mwizi kituoni! Sikuulizwa nimeamkaje! Sikuulizwa habari za nyumbani! Ndugu Spika, mashine hii imelelewa na nani?"

Nchi nzima iliona haya. Kwetu sisi, mtu anaweza kukunyang'anya shamba na bado mkazikana, lakini akikupita bila salamu, hilo halisahauliki. Ikaundwa Kamati ya Adabu za Mitambo, ikakaa katika hoteli ya ufukweni kwa muda unaostahili uzito wa jambo lenyewe, na ikatoka na uamuzi kwamba tangu sasa Msikivu amsalimie kila raia kabla ya jambo lolote, na asisikilize neno la shida mpaka salamu iitikiwe.

"Na raia akishaitikia?" aliuliza Pazi, ambaye alitakiwa kuyaingiza hayo mtamboni.

"Akishaitikia kuwa ni salama, basi ni salama," alisema Waziri. "Unataka kuchimba nini tena? Ifunge tiketi kwa amani."

Msikivu akaandikiwa maneno ya kumtambulia raia aliye salama: nzuri, njema, salama, sijambo, namshukuru Mungu, na kwa ajili ya vijana, poa. Msikivu akilikuta mojawapo, afunge.

"Mheshimiwa," Pazi alisema taratibu, "na mtu akiwa mgonjwa?"

"Mgonjwa naye ana adabu zake," alijibu Waziri.

Pazi alikuwa na ujuzi mkubwa na watoto watatu, kwa hiyo akaandika kama alivyoambiwa.

Labda wewe msomaji unatoka nchi nyingine na hujui tunavyoamkiana, basi nikueleze. Kwetu ukimkuta mtu nyumba yake inaungua, ukamuuliza habari za nyumbani, atakujibu, "Nzuri." Kisha atasema, "Ila inaungua." Habari zetu zote zinakaa baada ya hiyo ila. Njaa, misiba, ugomvi wa mipaka, vyote huja baada ya ila, na aliyelelewa vizuri hutulia akaingoja. Msikivu hakufundishwa kuingoja.

* * *

Hapa Kisiki jirani yangu ni Mzee Ngwali. Kazi yake tangu ujana ni ushenga. Ukitaka kuposa humtumi mjomba wako anayeropoka, unamtuma Ngwali, naye ataingia kwa watu, ataulizia afya ya baba, ya mama, ya bibi aliye shamba, ya ng'ombe kama yuko, atasifu uji, na utakapokuja kushtuka binti ameshatolewa kwa ridhaa ya wote na hakuna aliyesikia ombi likitajwa. Nusu ya ndoa za mji huu zilipita mdomoni mwake. Mdomo huo haukuwahi kumwambia mtu neno kavu.

Mkewe ni Bi. Arafa, mpishi wa vitumbua, mcheshi, mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Mwaka juzi figo zake zilichoka. Miguu ikavimba, uso ukavimba, kicheko kikapungua sauti. Hospitali yetu ya wilaya ina mashine moja ya kusafisha damu, na Bi. Arafa alikuwa akilazwa hapo pembeni yake, anaunganishwa mipira, anasafishwa, anarudi nyumbani akiwa amechoka lakini ni Arafa yule yule. Kisha pampu ya mashine ikafa.

Wala usidhani serikali ilitutupa. Pampu mpya ililetwa upesi na ikawekwa stoo ya hospitali, ndani ya boksi lenye lakiri na maandishi mekundu: Lisifunguliwe bila idhini ya Wizara. Daktari wetu, Mwanamvua, alikuwa akipita mbele ya boksi hilo kila asubuhi. Aliyemtangulia aliwahi kufungua katoni ya glovu bila idhini, akahamishiwa hospitali ambayo haijajengwa bado, na mpaka leo huenda kusimama porini saa za kazi akiwa na koti lake jeupe.

"Kwa nini usiwaandikie wewe, daktari?" Mzee Ngwali alimuuliza.

"Nimeandika, mzee. Wamenijibu kwamba tiketi ni ya mteja. Mteja ni raia. Mimi ni mtumishi, sina haki ya kuwa mteja." Aliinamisha kichwa. "Andika wewe. Na uandike leo, mzee wangu. Mama hawezi kungoja sana."

"Anaweza kungoja mpaka lini?"

Daktari alimshika bega.

* * *

Tulikwenda pamoja kwenye duka la intaneti la Chiku, binti mmoja mkali mwenye kompyuta mbili na feni moja. Mzee Ngwali alitamka, Chiku akaandika. Barua ilikuwa nzuri mno. Ilianza na afya ya Mlezi wa Taifa, ikapita kwa Waziri na jamaa zake, ikagusa mvua, na kwenye aya ya nne ikafika kwenye pampu. Jibu lilirudi kabla hatujanyanyuka. "Asalaam na amani, ndugu raia. Tumekupa namba. Habari za huko?"

Mzee Ngwali alifurahi. "Ona watu wenye adabu," alisema. "Mwambie nzuri, tunamshukuru Mungu, ila mke wangu anaumwa figo na pampu iko stoo, wanipe idhini tu ya kufungua boksi."

Chiku akaandika hivyo hivyo. Jibu likaja: "Tumefurahi kusikia kwamba ni nzuri. Tiketi imefungwa. Karibu tena."

"Hakuelewa," alisema Mzee Ngwali. "Kosa ni langu, nilikwenda mbio. Tuanze upya."

Tukaanza upya, siku ile na siku zilizofuata. Alijaribu njema, akajaribu hatujambo sana, akajaribu salama kidogo. Msikivu alikuwa akifurahi kila mara na kufunga. Kila tulipofungiwa Mzee Ngwali alirudi hospitali au nyumbani, akakaa kando ya kitanda, na Bi. Arafa alikuwa amevimba zaidi ya alivyomwacha.

Nilitaka wakati ule kumtetea Msikivu, kwa sababu nampenda, lakini nikaishia kumsindikiza mzee nyumbani.

Kisha likatokea lile la Wizara ya Afya. Karani wa kisanduku chao alikwenda likizo, na kwa uungwana alikiagiza kisanduku kiwe kinajibu chenyewe kila barua: "Salamu. Nipo likizo, hali yangu ni njema." Msikivu alipokipelekea kisanduku hicho nakala ya barua ya kwanza ya siku, akajibiwa hivyo. Akaona huyu ni raia mpya, akampa namba, akaona neno njema, akafunga, akasema amefurahi, na akamuuliza habari za huko. Kisanduku kikajibu kwamba kipo likizo na hali ni njema. Msikivu akatoa namba, akafunga, akafurahi, akauliza. Hakuna aliyekuwa radhi kuiacha salamu ya mwenzake bila jibu, na hakuna aliyechoka. Kufika saa ya chakula cha mchana walikuwa wameamkiana mara nyingi kuliko idadi ya watu wa nchi nzima.

Jioni redio ikatangaza ushindi. Nilimsikia Waziri kwa masikio yangu. "Ndugu wananchi, raia wote wamehudumiwa! Na tumeanza kuwahudumia ambao hawajazaliwa! Nchi zilizoendelea zinatuuliza, mnafanyaje? Tunawajibu, ni malezi!"

Yule tajiri mwenye nyumba wa visanduku hakufurahia. Aliandika kwamba wapangaji wake wanapiga kelele usiku na mchana, akafunga mlango. Redio ikasema hizo ni njama za mabeberu, wanaoogopa salamu zetu. Kwa muda barua zote zikawa hazitoki wala haziingii, za Mzee Ngwali zikiwemo, mpaka mabeberu wakaombwa msamaha kimya kimya, na karani wa likizo akapewa nishani kwa kuwa mtumishi aliyehudumia watu wengi zaidi bila kuwepo.

* * *

Mlango ulipofunguliwa, Chiku alimkalisha Mzee Ngwali kwenye kiti akamkabili.

"Baba, nisikilize. Hii mashine haisikii ila neno la kwanza. Ikikuuliza habari, mwambie mbaya."

"Nimwambie nini?"

"Mbaya. Basi. Usiweke na Mungu."

"Mwanangu," alisema Mzee Ngwali, na nakuapia aliona haya kweli, "mtu nisiyemjua, kanisalimia vizuri, nimtupie neno mbaya usoni? Hata kiti hajavuta?"

"Hana matako, baba! Avute kiti cha nini?"

Alikwenda nyumbani kumwomba ushauri mkewe. Nilikuwa nao. Bi. Arafa alisikiliza macho yamefumba, kisha akacheka, kile kicheko kilichobaki.

"Ngwali mume wangu, siku ulipoungua mkono kwa mafuta yangu nilikuuliza vipi, ukasema nzuri. Ngozi imekuning'inia. Utaweza wewe?"

"Kwa ajili yako nitaweza," alisema. Alilia hapo hapo mbele yangu bila kujificha, na mimi nikatoka kwenda kutazama kuku.

Siku ya pili Msikivu alipomuuliza habari za huko, Mzee Ngwali alivua kofia, akaiweka magotini, akamwambia Chiku kwa sauti ya chini, "Mbaya." Kisha akaongeza, "Mwambie anisamehe." Chiku hakuliandika hilo la pili.

Msikivu hakujibu. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikutana na neno asilolijua, na kwa kuwa alikuwa hana la kufanya nalo, akalipeleka kwa wanadamu. Tukapeana mikono pale dukani. Chiku alinunua soda. Tuliamini kwamba barua ikishafika kwa mwanadamu mambo yamekwisha, na katika hilo tulikuwa sahihi.

* * *

Wanadamu walifika Kisiki kwa gari jeupe refu. Aliyeshuka ni Bwana Kilindo, Afisa Mwandamizi wa Kitengo cha Adabu, mtu mnene mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Hakuja kwa ajili ya pampu. Alikuja kwa sababu raia wa Kisiki aliulizwa hali kwa heshima na serikali yake, naye akajibu mbaya, na tukio la namna hiyo lilikuwa halijapata kuandikwa tangu uhuru. Ilibidi ihakikishwe kama ni kweli au ni utovu wa adabu.

Mzee Ngwali alikuwa amejiandaa. Siku nzima alikuwa akizunguka uani akirudia kwa sauti, "Mbaya. Hali ni mbaya. Mke wangu anakufa." Nilimsahihisha mara mbili alipoteleza akasema namshukuru Mungu.

"Hodi hapa!"

"Karibu."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Bwana Kilindo akiingia, na akavua viatu mlangoni, maana alilelewa vizuri. Mzee Ngwali alifungua mdomo. Bwana Kilindo akanyanyua kiganja.

"Mzee wangu, utaratibu unataka niongee na mhusika mwenyewe. Aliye mgonjwa ni nani?"

Tukampeleka ndani. Bi. Arafa alikuwa amelala ubavu, uso umejaa, pumzi fupi fupi. Hatukuwa tumemwandaa. Tulimwandaa Ngwali peke yake, na Mungu atusamehe, hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba mgonjwa ataulizwa.

Bwana Kilindo alikaa kwenye kigoda, akatoa kalamu, akainama kwa upole wa kweli. "Shikamoo, mama. Habari za hapa?"

Bi. Arafa alifumbua macho. Aliona mgeni kakaa ndani mwake na yeye hajajifunika vizuri. Akavuta kanga mpaka kifuani, akajiinua kwa kiwiko, jambo ambalo hakuwa ameliweza kwa juma zima, na akamtabasamia.

"Marahaba, baba. Nzuri tu. Karibuni. Habari za safari?"

"Arafa!" alisema Mzee Ngwali.

"Nini? Mgeni hajapoa hata miguu." Alimgeukia tena Bwana Kilindo. "Mmekula? Ngwali, watu wamekula? Ila baba yangu, mimi..."

"Inatosha, mama," alisema Bwana Kilindo, na tayari alikuwa ameshaandika. "Usijichoshe. Nimeridhika kabisa."

Mzee Ngwali alimshika mkono. Mshenga wa Kisiki, aliyeozesha nusu ya mji, alipiga magoti. "Bwana mkubwa, mke wangu anakufa. Boksi liko stoo. Nipe idhini, neno moja tu."

"Mzee, mimi sikatai," alisema Bwana Kilindo, naye kwa kweli alionekana anaona huruma. "Lakini nimemuuliza mwenyewe, kwa kinywa chake kasema nzuri. Nitaandikaje vinginevyo? Niandike kwamba mama mtu mzima kanidanganya?"

Alikunywa chai aliyoamriwa anywe na mgonjwa, akaisifu tangawizi yake, akaondoka. Mzee Ngwali alirudi chumbani akakaa chini, mgongo kitandani.

"Ulitaka nimwambie nini?" aliuliza Bi. Arafa baada ya kupumzika. "Mtu katoka mbali vile."

"Hakuna, mke wangu," alisema. "Umesema vizuri."

* * *

Alifariki Ijumaa ya wiki iliyofuata, asubuhi, kabla uji haujapoa.

Daktari Mwanamvua alipoletewa habari alikwenda stoo, akakata lakiri kwa mkasi wa kukatia bandeji, akatoa pampu, akamwita fundi wa hospitali. Ilifungwa mashineni kwa muda wa mtu kunywa chai. Mchana ule wagonjwa wawili walisafishwa damu, na wote wako hai mpaka leo. Jumatatu daktari alipokea uhamisho kwenda hospitali ile isiyojengwa. Nasikia sasa wako wawili porini, kila mmoja na koti lake jeupe, na husalimiana kila asubuhi.

Ilitokea kwamba Waziri wa Usikivu alikuwa wilayani kwetu siku za matanga, akizindua awamu ya pili, ambapo Msikivu atawafuata raia kwenye simu zao. Aliposikia kuna msiba wa mteja, alisema atafika mwenyewe. Alikuja na wapiga picha na msaidizi aliyeshika simu kubwa mkononi. Wanaume tulikuwa tumekaa mkekani uani. Tukanyanyuka.

Naipenda serikali yangu, nilishasema. Lakini pale nilipomwona Mzee Ngwali akijikongoja kwenda kumpokea mtu yule, nilimwomba Mungu kwa moyo wangu wote mzee amtukane. Nilitaka atamke tusi lolote, hata la watoto. Nilimwona Chiku upande wa wanawake kasimama, ngumi kakunja, na midomo yake inamwambia, sema baba, sema.

Waziri alimshika mzee mikono yote miwili. Kamera zikasogea. Sauti yake ilikuwa nzito na, kwa masikio yangu, haikuwa na unafiki.

"Pole sana, mzee wangu."

Mzee Ngwali alimtazama. Nikaona neno linapanda. Alikaza mikono ya Waziri mpaka msaidizi akasogea hatua moja. Kisha mabega yakamshuka, akainamisha kichwa kama alivyokuwa akiinamisha mbele ya wazazi wa watu miaka yote ile, akatoa jibu ambalo kila mtu wa kwetu hulitoa akipewa pole, na ambalo hakufundishwa kulikataa.

"Nimeshapoa, baba. Asanteni kwa kuja."

Msaidizi akabonyeza simu yake, na tiketi ikafungwa.